FindThreads ya CMake: kama programu yako ina thredi, acha kubahatisha flagi

Wadau wa C na C++ hapa Kigoma, hii FindThreads, moduli ya CMake (programu inayopanga jinsi kodi inavyokompailiwa kwenye kila mashine) ya kutafuta kinachohitajika ili thredi zifanye kazi, nawapendekezea kwa moyo wote. Mashine zetu ni za kila aina, mmoja ana Ubuntu 18.04 kwenye laptopu ya siku nyingi, mwingine ana 22.04, mwingine anakompaili kwenye simu ya Android kwa Termux (app ya kuandika amri kama za Linux), na kodi ni ileile tunapeana kwa flashi. Ukiweka thredi tu, yaani kazi kadhaa zinazokwenda kwa pamoja ndani ya programu moja, ndo shughuli inaanza.

Mfano programu ninayomtengenezea jamaa anayenunua dagaa pale Kibirizi, inasoma mizani mbili kwa mpigo, kila moja na thredi yake. Kwenye 22.04 inapita hata usipoweka flagi yoyote (maelekezo ya ziada kwa kompaila, kama -pthread), ipeleke 18.04 linka (inayounganisha kodi na laibrari zake) inagoma na undefined reference to `pthread_create', watu wanaanza kufumua kodi ambayo haina shida yoyote. Tofauti iko kwenye glibc, yaani libc (laibrari ya msingi ya C) ya Ubuntu. 18.04 ina 2.27, huko thredi zinakaa kwenye laibrari ya pembeni inaitwa libpthread, ila kuanzia 2.34 ya Agosti 2021 zimehamishiwa ndani ya libc yenyewe na libpthread.a imebaki tupu, ipo tu ili Makefile za zamani zisife. Android nayo ina libc yake, Bionic, thredi zimo humohumo.

Sasa wewe utakariri yote hayo ya nini? Weka hivi kwenye CMakeLists.txt:

set(THREADS_PREFER_PTHREAD_FLAG ON)
find_package(Threads REQUIRED)
target_link_libraries(mizani PRIVATE Threads::Threads)

Basi. find_package inaita FindThreads, nayo inajaribu yenyewe kwenye mashine uliyopo, inaangalia kama libc inatosha, isipotosha inaenda kwenye -pthread. Kwenye 18.04 utaona imeandika Looking for pthread_create - not found, usishtuke wala usikatize, subiri mistari inayofuata, itakwambia kompaila imekubali -pthread na mwisho Found Threads: TRUE.

Kitu ambacho sikipendi ni ule mstari wa kwanza wa set(THREADS_PREFER_PTHREAD_FLAG ON), kwamba mpaka uuandike mwenyewe tena juu ya find_package, ukiuacha inaweza kukupa -lpthread badala ya -pthread na hivyo viwili si kitu kimoja. -lpthread inamhusu linka peke yake, -pthread inaenda kwa kompaila na kwa linka, na GCC inakuwekea na _REENTRANT, alama ya kwamba kodi ina thredi. Mimi ningetaka iwe hivyo bila kuombwa.

Angalieni pia mafundisho ya zamani yanayotumia CMAKE_THREAD_LIBS_INIT, hiyo inabeba flagi za linka tu, Threads::Threads ipo tangu CMake 3.1 na ndo ya kutumia.

Kama una faili moja tu usijisumbue na CMake, andika gcc -pthread mizani.c -o mizani umemaliza. Na walio kwenye Autotools (mfumo mwingine wa kujenga programu) wana makro ya AX_PTHREAD, inawapa PTHREAD_CFLAGS na PTHREAD_LIBS, kazi inafanya vizuri ila kwa anayeanza leo naona mzigo wa bure.

CMake ni ya bure, sudo apt install cmake, na bando likikata maelezo yote ya moduli hii unayo ndani ya mashine, andika cmake --help-module FindThreads usome taratibu.