Zawadi ya kuchonga jina na kutia dhahabu nyumbani: Mombasa ununue nini kwanza

Anayetaka kumchongea mtu jina lake kwenye zawadi na kulitia dhahabu, mara nyingi huanza kwa kuulizia mashine. Mashine ni ya mwisho. Kwanza ni kitu chenyewe kitakachochongwa, kisha dhahabu pamoja na gundi yake, na ukishavipata hivyo, kifaa cha mkono cha bei ndogo, patasi au kalamu ya kuchongea, kinatosha. Nimevipanga vitu vitano kuanzia kile kinachomfaa anayeanza hadi kile ambacho ningekushauri ukiache dukani. Nimeangalia mambo matatu: kama kinachongeka kwa mkono, kama dhahabu inaonekana juu yake, na kama kitastahimili hewa hii yetu ya chumvi.

Cha kwanza: kisanduku cha mbao

Kibweta kidogo cha kuwekea pete, udi au shanga hakina mpinzani. Mbao inakubali patasi, kosa dogo linafutika kwa msasa, na wekundu au weusi wake unaitoa dhahabu vizuri. Nenda kwa wachongaji wa ushirika wa Akamba kule Changamwe, ambao wapo tangu 1963, au kwa seremala wa mtaani kwako, uombe kisanduku ambacho hakijapakwa kitu. Sisitiza hapo. Kilichokwisha kusuguliwa kiwi au nta hakishiki gundi, na utakesha ukikikwangua.

Mpingo usikushawishi mara ya kwanza. Ule wa kweli ni mzito hadi unazama majini, na ni mgumu kiasi kwamba patasi butu huteleza juu yake ikaishia kidoleni. Isitoshe, vitu vingi vyeusi vinavyouzwa kwa watalii ni mti mwingine uliopakwa kiwi ya viatu. Lowesha kitambaa cheupe, sugua upande wa chini, utaona rangi inayotoka. Mwarobaini ndio ningekununulia mimi: una rangi ya hudhurungi inayoelekea wekundu, ni mgumu kiasi, na wachongaji wetu wameuzoea. Mwembe ni laini zaidi na bei yake ni nafuu, ila wadudu wanaupenda.

Kuna mbinu moja inayokifanya kisanduku kiwe rahisi kuliko vyote. Paka vanishi nyembamba mara mbili kabla hujachonga, iache ikauke kabisa, ndipo uchore jina na kulichonga kupitia hiyo vanishi. Gundi na dhahabu vitakavyomwagika nje ya mfereji vitakaa juu ya vanishi, na msasa laini wa namba 400 au 600, ukipitishwa polepole, utaviondoa na kubakisha herufi peke yake. Asiyejua mbinu hii huhangaika na ncha ya kisu kuzunguka kila herufi.

Herufi zenye mistari iliyonyooka, A, M, H na N, ni nyepesi. S na O ndizo zinazowaliza watu. Ukitaka jina kwa herufi za Kiarabu, mwombe mwenye hati nzuri akuandikie, kisha ulinakili kwa karatasi ya kaboni, kwa sababu nukta moja ikikaa pasipo pake jina limeshakuwa la mtu mwingine. Chonga jina tu, pengine na mwaka. Maneno marefu yaachie leso. Pambo la ukingo nalo huna haja ya kulitafuta mbali: pita Ndia Kuu na vichochoro vya Mji wa Kale ukitazama nakshi za miimo ya milango, upige picha sehemu ndogo, halafu uipunguze mpaka ibaki mikato miwili mitatu unayoweza kuirudia.

Cha pili: kifuu cha nazi

Usicheke. Kifuu ni kigumu, kina rangi ya giza, kikisuguliwa kwa msasa na tone la mafuta ya nazi kinang'aa, na hukinunui, kiko jikoni. Ila mafuta ni ya mwisho, baada ya dhahabu, vinginevyo gundi haitashika. Kata kipande cha duara, toboa tundu, na umepata kishikizo cha funguo ambacho mtu hatakipata dukani. Tatizo lake ni mviringo: kalamu hupenda kukimbilia pembeni, kwa hiyo kifungie kwenye jiliwa ndogo au kilaze juu ya mfuko wa mchanga. Hata kama hutakitoa zawadi, kitumie kujifunzia. Ukiharibu, nazi ya kesho ipo.

Kwenye kishikizo cha funguo usichonge aya ya Kurani. Funguo huingia kila mahali, hadi chooni, na mwenye zawadi atabaki hajui azifanyeje.

Cha tatu: chupa au glasi

Glasi humfaa asiyejua kuchora. Unaandika jina kwenye karatasi, unaibandika kwa ndani, na mkono unafuata mistari kwa nje. Nunua glasi ya kawaida yenye ukuta mnene kidogo, au chupa ya manukato yenye upande bapa. Glasi iliyokazwa kwa joto, ile inayosifiwa dukani kwamba haivunjiki ovyo, usiiguse: ikikwaruzwa kwa kina inaweza kupasuka yote kwa mara moja mkononi mwako. Kalamu yenye ncha ya almasi inatosha kwa mistari myembamba. Ukitaka herufi nene ndipo mashine inapohitajika. Chonga pakiwa pamelowa maji, na uvae barakoa na miwani, maana vumbi la kioo si la kuvuta.

Kama mpokeaji ni Muislamu, kikombe cha dhahabu kitamtia mashakani. Kunywea vyombo vya dhahabu na fedha kumekatazwa, na hata kama yako ni ya kuiga, umeshampa kazi ya kwenda kuuliza. Chupa ya manukato au mrashi haina maneno mengi. Hata kwa wengine, usiweke dhahabu ya kuiga karibu na mdomo wa glasi. Haikutengenezwa iguse kinywaji.

Cha nne: shaba

Shaba ya manjano inachongeka vizuri na mstari wake unakaa safi kuliko wa mbao. Kama unataka kuchonga tu, ningeipandisha nafasi ya pili. Lakini dhahabu juu ya shaba ya manjano haionekani, rangi zinakaribiana mno. Nunua shaba nyekundu badala yake, au chonga ile ya manjano ujaze mifereji rangi nyeusi na usahau dhahabu. Chetezo kidogo kilichochongwa jina kwa weusi ni zawadi ya heshima kwa shangazi yeyote. Moto wake tu ndio utakaochagua mahali pa kuchonga: weka jina kwenye kitako, mbali na makaa, rangi isije ikaungua.

Cha tano: chupa ya maji ya stenlesi

Hii ndiyo inayouzwa sana, na ndiyo ya kuiacha. Stenlesi ni ngumu kwa mkono, kalamu inaruka, na dhahabu haishiki vizuri kwenye kitu kinachooshwa kila siku. Ukiitaka lazima, mpelekee mwenye mashine ya leza mjini akuchongee.

Kuna vitu ambavyo sikuvipanga kabisa. Gamba la kasa na pembe ya ndovu ni kesi mahakamani, hata ukiambiwa ni vya zamani vya babu.

Sasa dhahabu yenyewe

Hapa ndipo pesa za watu hupotelea, kwa kuwa dukani kuna vitu vinne tofauti vinavyoitwa kwa jina moja. Ukiuliza, "Ami, hii ni dhahabu kweli?" utajibiwa, "Dhahabu mwanangu, huoni inavyong'aa?" Kung'aa si ushahidi.

Namba moja, kwa jina lililochongwa, ni karatasi za dhahabu halisi za karati 22 hadi 24. Zimepigwa zikawa na unene wa karibu sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, na hewa ya bahari haizifanyi kitu. Hazihitaji hata vanishi, isipokuwa kitu chenyewe kitashikwashikwa. Kawaida huuzwa kwa kijitabu cha karatasi 25 zenye ukubwa wa sentimita 8 kwa 8. Jina moja halimalizi hata karatasi mbili, kwa hiyo changeni watu wawili watatu mnunue kijitabu kimoja. Njia ya pili ni maduka ya vifaa vya keki: karatasi za dhahabu za kulika huuzwa kidogo kidogo, na zile za kweli ni dhahabu ileile. Soma pakiti. Kama karati hazikutajwa, au imeandikwa kwamba ni pambo tu na hailiwi, umeshika kitu kingine. Na kuna jaribio ambalo muuzaji hawezi kulipinga: inua karatasi mbele ya mwanga wa dirisha. Dhahabu halisi ni nyembamba hadi inapitisha mwanga, na mwanga huo unatoka wa kijani. Ya kuiga haipitishi kitu.

Nunua zile zilizogandamizwa kwenye karatasi laini, si zile zilizo huru. Zilizo huru ni za fundi mwenye brashi maalumu. Wewe ukizigusa kwa kidole zinakuganda, na pumzi yako inazirusha. Aina yoyote utakayochukua, siku ya kuibandika zima feni na ufunge dirisha la upande wa upepo, hasa wakati wa kaskazi. Joto utalivumilia.

Namba mbili ni ya kuiga, ambayo kwa kweli ni shaba na zinki iliyopigwa ikawa karatasi, mara nyingi sentimita 14 kwa 14. Ni nene zaidi, inashikika, na kwa mfuniko mzima wa kisanduku ndiyo ya busara. Ila hapa Mombasa bila vanishi itaanza kufifia na kuweka madoa, kuanzia pale ulipoigusa kwa kidole chenye jasho. Vanishi mara mbili, bila mjadala. Vipande vyake vidogo vinauzwa pia kwenye vichupa katika maduka ya vipodozi, kwa ajili ya kucha. Kwa kujaza mifereji ya kifuu, hivyo vya kucha vinatosha kabisa, na sioni sababu ya kununua zaidi.

Namba tatu ni nta ya dhahabu. Unaisugua kwa kidole mpaka ijae mferejini, unafuta inayobaki juu kwa kitambaa, kazi imekwisha. Kwenye glasi naipendelea kuliko karatasi za dhahabu, kwa sababu mikwaruzo ya kioo ni mifinyu. Osha kwa mkono na maji ya vuguvugu, si ya moto.

Ya mwisho ni rangi ya mkebe au kalamu ya dhahabu. Dukani, chini ya taa, inapendeza. Sebuleni kwenye kivuli inafanana na haradali. Inafaa kadi ya kuandamana na zawadi.

Gundi

Usibanie pesa hapa. Gundi maalumu ya kubandikia dhahabu, ile ya maji, hupakwa ikiwa nyeupe, kisha inakuwa wazi na kubaki inanata kwa saa nyingi. Gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa inatumika, lakini inakauka haraka mno, na dhahabu inaruka sehemu ambazo hukuwahi. Maelezo ya chupani husema usubiri dakika 15 hadi 30. Kwa unyevu wetu, hasa masika, subiri zaidi, na usiamini saa, amini kidole: gusa gundi kwa kifundo cha kidole, si kwa ncha. Ikivutika na kubaki kidoleni, bado. Ikikushika kidogo kisha ikakuachia kwa mlio mdogo, weka dhahabu. Ikiwa haikushiki, umechelewa, paka tena. Bonyeza kwa brashi laini ya vipodozi, safi na kavu, na uache siku nzima kabla ya msasa au vanishi.

Vifaa vya kuchongea

Kwa mbao, nunua patasi moja ndogo yenye ncha ya umbo la V, pamoja na jiwe la kunolea. Bora patasi moja kali kuliko seti ya sita butu. Kwa shaba na kifuu, kalamu yenye ncha ya kabaidi. Kwa kioo, ncha ya almasi. Mashine ya kuzungusha mfano wa Dremel ni nzuri ukiwa na zawadi nyingi za kutengeneza, na zile ndogo za kuchajiwa zinaweza kioo na kifuu lakini kwenye mbao ngumu zinakwama. Patasi, msasa na vanishi viko hadiwea yoyote. Dhahabu na gundi yake ndivyo vya kuagiza mapema, kwa hiyo kama harusi ni Jumamosi, usianze kuvitafuta Jumatano.

Na ukiona mtandaoni vifaa vya kuchovya pete kwenye maji ya dhahabu kwa umeme, viache. Maji hayo mara nyingi yana sianidi, nayo si ya kukaa nyumba moja na watoto. Pete au mkufu wa fedha mpelekee sonara. Atachonga na kuchovya, wewe utachagua jina.