The Grey: nimeitazama mara tatu, na bado zile pochi zinanikosesha raha

Wiki ya pili ya Aprili Mlima Kilimanjaro hauna wageni wa kutosha. Masika yamekolea, njia ni tope tupu, na sisi wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, tunakaa mjini tukingoja Juni. Ndipo nilipoenda kukopiwa filamu ya The Grey kwenye flashi, shilingi mia tano, katika duka moja karibu na stendi ya Moshi. Tuliitazama watu sita chumbani kwangu Majengo, mvua inapiga bati mpaka ikabidi tuongeze sauti hadi mwisho. Saa nne usiku ilikwisha. Saa saba tulikuwa bado tunabishana, na jirani ameshagonga ukuta mara mbili.

Nitaeleza mwisho wote. Kama hujaiona na hutaki kuharibiwa, ishia hapa, ukaitazame kwanza.

Liam Neeson anacheza John Ottway, mlenga shabaha aliyeajiriwa na kampuni ya mafuta huko Alaska. Kazi yake ni kuwapiga risasi mbwa mwitu wanaowasogelea wafanyakazi. Mke wake hayupo, na kwa muda mrefu hatuambiwi kwa nini. Mwanzoni kabisa anamwandikia mke huyo barua, anatoka nje kwenye theluji, anapiga magoti na kuweka mdomo wa bunduki kinywani. Mbwa mwitu analia mbali. Anaishusha bunduki. Baada ya hapo anapanda ndege na wafanyakazi wenzake, ndege inaanguka nyikani, wanabaki watu saba wa kutembea, na kundi la mbwa mwitu linawaandama. Wanapungua mmoja mmoja. Katikati kuna mambo mengi ambayo nitayaruka, kwa sababu ugomvi wetu ulikuwa wa dakika tano za mwisho.

Dakika hizo ni hivi. Mwenzake wa mwisho amezama mtoni mbele ya macho yake, mguu umenaswa kwenye jiwe chini ya maji, na Ottway ameshindwa kumnasua. Ametoka mtoni amelowa chapachapa. Anamfokea Mungu afanye kitu, anangoja, hapati jibu, anasema basi atafanya mwenyewe. Anatembea, anachoka, anapiga magoti. Halafu anatazama pembeni anaona mifupa. Hapo alipopiga magoti ndipo maskani ya mbwa wale wale aliokuwa akiwakimbia tangu mwanzo. Wanamzunguka. Dume jeusi, kiongozi wao, anasogea. Ottway anatoa vichupa vidogo vya pombe, vile vya kwenye ndege, anavifunga kwa utepe katikati ya vidole, anavivunja vibaki makali matupu. Mkono wa pili kisu. Anasema maneno ya shairi la baba yake. Anainua macho. Giza.

Nakala yetu ilikuwa ya kutafsiriwa, mtu anasimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu. Giza lilipoingia tu, mtafsiri akadakia: na hapo steringi, yaani shujaa wa filamu, akammaliza mbwa, akaokoka, akarudi kwao. Flashi ikarudi kwenye orodha ya muvi.

Ninawaheshimu watafsiri wa muvi. Mama yangu hajui neno la Kiingereza na amecheka na kulia na filamu za nchi za mbali kwa sababu yao. Lakini huyu alitudhulumu. Mwenye filamu aliamua kunyamaza pale, na ukimya ule ni sehemu ya kazi yake, huwezi kuujaza kwa niaba yake. Na shairi nalo alilibadilisha. Yeye alisema, "Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo," na chumba kizima kikapiga kelele za shangwe, mimi nikiwemo. Ni tamu, lakini haimo. Maneno ya asili yanasema ni kuingia tena kwenye mapambano, pambano jema la mwisho, kisha yanarudia mara mbili kwamba ni kuishi na kufa siku hii. Kuishi kumetangulia. Tafsiri yetu ilikula neno hilo, na kwangu mimi neno hilo ndilo lililobeba filamu nzima.

Basi ugomvi ukaanza. Kijana mmoja wa Machame, tuliyebeba naye msimu uliopita, akashikilia kwamba steringi hafi, na mtafsiri ameshasema. Mpishi wetu, mzee wa Rombo ambaye amepanda mlima kabla sisi hatujazaliwa, akatikisa kichwa.

"Kijana, yule amelowa. Hata hao mbwa wakiondoka wote, asubuhi haioni."

"Mzee, mbona kashafika mbali hivyo?"

"Wewe umefika kambi ya Barafu na soksi mbichi mara ngapi?"

Kijana akanyamaza kidogo, kisha akarudi pale pale: steringi hafi.

Mimi niko upande wa mzee, na nitasema kwa nini, maana baridi ndiyo kitu ninachokijua. Usiku wa kwenda kileleni tunaondoka saa sita, joto liko chini ya sifuri kwa nyuzi kumi na zaidi, na adui wa kwanza wa mtu si mwinuko wa mita 5,895, ni nguo iliyolowa. Nguo mbichi inanyonya joto la mwili haraka kuliko upepo. Mtu anaanza kwa kutetemeka, na kutetemeka ni kuzuri, maana mwili bado unapigana. Ukiona ameacha kutetemeka na anaongea maneno yasiyoshikana, hapo hakuna kupumzika tena, ni kumshusha. Wengine hufikia mahali wanahisi joto na kuanza kuvua koti. Ottway ametoka kwenye mto wenye barafu, hana moto, hana nguo ya kubadilisha, hana hema. Dume lile halikuhitajika kumuua.

Na filamu inalijua hilo. Mapema, ndani ya mabaki ya ndege, kuna mtu anaitwa Lewenden anavuja damu na anauliza kinachomtokea. Wenzake wanamdanganya kwamba atapona. Ottway anakaa karibu yake, anamwambia ukweli kwamba anakufa, kwamba kutakuja kitu kama joto kimfunike, na anamwambia amfikirie anayempenda, ndiye ampeleke. Nimetazama sehemu hiyo mara tatu na kila mara chumba kimenyamaza. Hakuna anayekulazimisha ulie. Ni uso wa mtu unalegea tu, na mkono wa mwenzake uko juu yake.

Jumapili nilienda Arusha, Sakina, kwa dada yangu, ambaye ana nakala kamili isiyotafsiriwa. Shemeji akanisaidia palipokuwa na Kiingereza kizito. Mwisho ukafika, giza, majina yakaanza kupita, shemeji akainuka kwenda kuwasha jiko. Mpishi alikuwa amenidokeza kwamba aliwahi kusikia kuna kipande baada ya majina, kwa hiyo nikakaa. Majina yale ni mengi. Yalipokwisha kabisa kikaja kipande cha sekunde chache: ubavu wa mbwa mwitu amelala, unapanda na kushuka polepole, pumzi nzito ya kuchoka, na kichwa cha Ottway kimeegemea hapo, kwa nyuma, huoni uso. Basi.

Nikamwita shemeji arudi, tukakirudia kama mara sita. Yeye anasema mbwa ndiye anayekufa na Ottway amelala juu yake kama mshindi aliyechoka. Dada anasema wote wawili wanakwisha pamoja, na ndiyo maana hawaonyeshi uso. Mimi nakubaliana na dada. Mbwa anapumua na tunaona anapumua. Ottway hatuoni lolote linalotikisika. Mtu mwenye kamera angetaka tujue yuko hai angetuonyesha hata mvuke wa pumzi yake, na filamu hii imejaa mvuke wa pumzi tangu mwanzo mpaka mwisho.

Lakini kubishana nani kashinda kunatupotezea kilichoshindaniwa. Mwanzoni huyu mtu alikuwa na bunduki kinywani, hana mbwa anayemkabili, hana njaa, ana kitanda na mshahara. Mwishoni hana chochote kati ya hivyo na anafunga chupa vidoleni ili aendelee kuwepo dakika nyingine kumi. Ndipo pia tunaonyeshwa kwamba mke wake hakumkimbia. Yuko kitandani, dripu pembeni, ndiye aliyekuwa akimwambia asiogope muda wote huo. Liam Neeson mwenyewe alifiwa na mkewe, Natasha Richardson, mwaka 2009 kwa ajali ya kuteleza kwenye theluji, na filamu hii ilitoka mapema mwaka 2012. Sitaki kusema mengi juu ya msiba wa mtu. Ila ukimtazama usoni pale anapomwona mke wake kitandani, utaelewa kwa nini nimelitaja.

Sasa pochi. Tangu kwenye ndege Ottway anasisitiza pochi za waliokufa zikusanywe zipelekwe kwa familia zao. Anayejaribu kuiba anazuiwa. Kila mtu anapokufa, pochi yake inaingia mfukoni mwa aliyebaki, mpaka zote ziko kwa Ottway. Na pale maskani kwa mbwa, kabla ya chupa na kisu, anazitoa, anatazama picha za watoto na wake za watu, anazipanga juu ya theluji.

Wenzangu walikuwa wanangoja pambano. Mimi nilibaki hapo kwenye pochi.

Miaka michache iliyopita mgumu mwenzetu alifariki baada ya kushushwa mlimani. Sitataja kampuni wala njia. Mimi ndiye niliyepewa begi lake nilipeleke kwao. Ndani kulikuwa na soksi zisizofanana, kofia ya sufu aliyopewa na mgeni, simu iliyozima, na pochi. Kwenye pochi kitambulisho cha mpiga kura, picha ya pasipoti ya mtoto iliyokunjika kona, na risiti ya ada ya shule. Mama yake aliipokea pochi ile kwa mikono miwili, hakuifungua, akaishika tu kifuani. Kisha akaniuliza kama mwanawe alikuwa amekula siku ile. Nikamwambia ndiyo, alikunywa uji. Aliniuliza tena kama uji ulikuwa na sukari.

Sisi huku mtu akifia Dar es Salaam au Mwanza anarudishwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, hata kama ni kwa kuchangishana na kukopa. Kwa hiyo zile pochi zinapobaki chini kwenye theluji, mimi siwezi kuwaza meno na visu. Nawaza nyumba sita na zaidi ambazo hakuna atakayezigongea mlango. Hilo ndilo fumbo la mwisho kwangu, na kipande cha baada ya majina hakilijibu.

Nilimweleza kijana wa Machame haya tukiwa kijiweni tunakunywa kahawa. Alifikiri, akazungusha kikombe, akasema: "Kaka, ila alizipanga pamoja. Angekata tamaa angezitupa. Theluji inayeyuka. Siku moja mwindaji anapita, anazikuta zote sehemu moja." Katika wiki nzima ya kubishana sikusikia neno lililonigusa kuliko hilo, tena kutoka kwa mtu ambaye siku ya kwanza alijali kisu tu. Bado sijakubali. Wameionyesha nyika ile kuwa ni mahali ambapo hapiti mtu. Lakini nililala vizuri zaidi usiku ule.

Kasoro ipo, tena si ndogo: mbwa wenyewe. Kwanza jina. Huku kwetu ukisema mbwa mwitu mtu anamwona yule wa madoadoa mwenye masikio ya duara, kama wale wanaotunzwa Mkomazi. Wa kwenye filamu ni mnyama mwingine, wa kijivu, wa nchi za baridi. Na wale wa kijivu kwa kawaida humkwepa binadamu. Kumuua mtu ni jambo la nadra sana, ingawa mwaka 2010 lilitokea huko Chignik Lake, Alaska. Filamu inawafanya kama jeshi la kulipiza kisasi, na ilipotoka, watetezi wa wanyama waliilalamikia kwa haki. Wanapoonekana kwa karibu unatambua pia kwamba ni wa mashine na kompyuta. Mkurugenzi Joe Carnahan alifanya vizuri zaidi pale alipoonyesha macho yao tu gizani, au mlio bila mwili.

Theluji, kwa upande mwingine, ni ya kweli. Walipiga picha Smithers, British Columbia, nchini Kanada, na inaonekana: ndevu zimeganda, hatua zinazama mpaka magotini, watu wanapumua kama sisi tunavyopumua juu ya Barafu. Diaz, yule mkorofi aliyejaribu kuiba pochi, anapokaa kando ya mto akatazama milima na kusema hasogei tena, nimewahi kuuona uso ule kwa wageni na kwa wenzangu. Si woga. Mwili umeshafunga hesabu.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeitoa kwa ajili ya mbwa. Ukienda kukopiwa, angalia urefu kabla hujalipa: filamu kamili ni dakika 117. Ikiwa pungufu sana, wamekata. Na majina yakianza kupita, usiinuke kuwasha jiko.