English Grammar in Use, somo la 64: "to", "for" na "so that"

Toleo la 5 la kitabu hiki cha sarufi ya Kiingereza (Cambridge, 2019) lina masomo 145: maelezo kushoto, mazoezi kulia. Somo la 64, la kueleza nia, ndilo linalomfaa sana mzungumzaji wa Kiswahili.

"Nimekuja kukuona" huvuka salama: "I came to see you". Mtego ni "kwa ajili ya", unaozaa "I went for to buy sugar". "To" hufuatwa na kitenzi, "for" na nomino: "I went for sugar". "For" yenye "-ing" hufaa kwa kazi ya kifaa, kama "a knife for cutting bread".

Wengi huteleza kwenye kukanusha. "Nilinong'ona nisimwamshe mtoto" haiwi "I whispered to not wake". Andika "so that I wouldn't wake the baby". Vivyo hivyo mtendaji akibadilika: "ili alale", "so that he could sleep".

Kasoro? Hakuna zoezi linalolenga makosa ya wazungumzaji wa Kiswahili, basi tunga mwenyewe sentensi kumi za "ili". Na soma jalada kabla ya kulipa. Lipo toleo lisilo na majibu.