Bunduki ya rangi ya bei chee: inapiga gari zima kwa kompresa ndogo ya nyumbani?

Wadau, mambo vipi. Wakubwa zangu wote mlio huko, shikamooni. Leo sizunguki, maana kila nikizunguka mwanzoni mnakimbia, nawaona kwenye takwimu za chaneli. Kitu chenyewe hiki hapa. Bunduki ya rangi, kikombe juu, haikufika laki moja hapa Dar, na hii Vitz nyuma yangu imepigwa nayo. Nimepiga mimi, hapa hapa uani, kwa kompresa ile mnayoiona pale pembeni ya ndoo. Imebaki boneti na bampa la nyuma tu.

Sitawasomea boksi. Pua ya milimita 1.3, kikombe cha plastiki, mwili wa aluminiamu, hayo mtayakuta kila duka. Kinachonifanya niirekodie video ni hizi herufi nne hapa ubavuni: LVLP. Hewa kidogo, presha ndogo. Ndugu yangu, kama unataka kupiga gari rangi nyumbani, anza kusoma herufi hizi kabla ya bei.

Nawaambia kwa nini. Bunduki nyingi zinazouzwa mtaani ni HVLP, hewa nyingi, presha ndogo. Nzuri sana, hazimwagi rangi ovyo hewani, lakini zinakula hewa. Tena nyingi zinataka CFM kumi na kuendelea, yaani futi za ujazo za hewa kwa dakika. Kompresa yangu hii ni mtungi wa lita 50, mota ya nguvu farasi mbili. Sasa hapa watu wengi wanaliwa: ile namba kubwa iliyobandikwa kwenye mtungi ni hewa inayovutwa ndani, siyo inayotoka kwenye mpira. Inayotoka ni pungufu. Ukifunga HVLP hapo, mlango wa kwanza utapiga vizuri, ukifika katikati ya paa presha imelala, rangi inatoka matone manene, na huwezi kusimama katikati ya paa ukasubiri mtungi ujae. Mkono ule, yaani tabaka la rangi unalopiga, ukikauka na wewe umesimama, alama inabaki. Hii LVLP inataka kama CFM tatu na nusu hadi tano. Kompresa inaunguruma, ndiyo, inapiga kelele mpaka jirani anachungulia, lakini haiachwi nyuma.

Haya, twende kwenye kitu ninachokipenda kupita vyote. Mdogo wangu, sogeza kamera hapa kwenye pua. Hapo hapo. Mnaona hiki kipande cha shaba chenye pembe mbili? Hii ni kofia ya hewa. Bunduki ya bei chee inafeli hapa. Siyo kikombe, siyo mshikio, ni haya matundu madogo kwenye pembe. Yakitobolewa ovyo kiwandani, hata ununue rangi ya bei mbaya kiasi gani, itakwenda upande.

Hamna haja ya kuniamini. Nimebandika boksi la friji ukutani. Natia rangi kidogo iliyochanganywa kama ya kazi. Kofia naizungusha robo mzunguko, ili ule upepo wa rangi badala ya kusimama wima ulale. Sasa nasimama umbali wa kiganja kilichokunjuliwa, kama sentimita 15 mpaka 20, nabana triga na siachii. Sisogei. Naacha rangi ilowe mpaka ianze kutiririka yenyewe. Angalieni michirizi. Mmoja, mwingine, huu hapa, huu hapa. Mnaiona? Imeshuka karibu urefu mmoja kutoka mwisho huu mpaka mwisho huu. Aisee! Kwa bei hii? Ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Ngoja sasa niiharibu makusudi ili ukiikuta kwako uijue. Napunguza hewa. Nabana. Ona, michirizi ya katikati imekimbia mpaka chini, ya pembeni imebaki juu. Hapo presha ni ndogo, au rangi yako ni nzito. Sasa naipandisha hewa sana na kufungua upana wote. Nabana. Katikati pakavu, pembeni kumejaa, kama namba nane iliyolala. Hapo hewa imezidi, au umeua rangi kwa thina. Na ukiona imejikunja kama upinde, ujue tundu la pembe moja limeziba. Hapo fundi wengi wanaanza kuchokoa kwa waya. Usichokoe! Ukilipanua lile tundu umeinunua upya. Loweka kofia kwenye thina, piga kwa brashi laini. Na kama hujui tatizo lipo kwenye kofia au kwenye pua ya ndani, geuza kofia nusu mzunguko, piga tena. Ule upinde ukigeukia upande wa pili, kofia ndiyo mbaya. Ukibaki vilevile, fungua pua, uchafu uko ndani. Dakika mbili kwenye boksi, na gari hujaligusa.

Nimeipenda mpaka nimesahau kuisema vibaya. Nayo inastahili. Hii geji ya presha waliyoiweka hapa chini ya mshikio, yenye kitasa chekundu, ni takataka. Samahani, lakini ni takataka. Angalieni sindano: sijabana triga, inasoma vizuri tu. Nabana... mmeona ilivyodondoka? Naiachia triga, inarudi. Kitasa hiki kinabana njia ya hewa, halafu kinakudanganya. Vua, weka pembeni. Nunua regileta ndogo, kile kifaa cha kurekebisha presha, yenye kichujio cha maji, ifunge kwenye kompresa, na soma presha wakati umebana triga, siyo wakati umeiachia. Mimi nafanya kazi kwenye bar mbili hivi. Hicho kichujio usikiache, hasa sisi wa pwani. Hewa ya hapa ina unyevu, ukiikandamiza kwenye mtungi inatoa maji. Kila asubuhi fungua kile kizibo cha chini cha mtungi uone kinachomwagika. Maji hayo ndiyo yangekuwa kwenye boneti yako.

Mtaniuliza za majina makubwa. SATA ya Ujerumani, Iwata ya Wajapani, najua, fundi mwenye karakana akiishika moja haachi. Sawa. Lakini wewe unapiga gari moja, lako. Hela ya SATA halisi itanunua rangi, hadina ya kuigandisha, praima ya kupaka chini na msasa na bado utakula chipsi mayai. Na ukiuziwa "SATA" Kariakoo kwa bei ya hii yangu, ndugu, unajua mwenyewe umeuziwa nini.

Makopo ya kubonyeza? Kwa kioo cha pembeni au kona ya bampa, sina ugomvi. Gari zima, hapana. Utabadilisha kopo katikati ya boneti, kidole kitakufa ganzi, na yale ya kawaida yasiyo na hadina, siku petroli ikimwagika kwenye kifuniko cha tangi, rangi inalainika mbele ya macho yako.

Sasa kuhusu maandalizi nitakwenda haraka, nina video nzima ya puti, itafuteni kwenye chaneli. Ila mawili. La kwanza, jua una rangi ya aina gani. Chukua kitambaa cheupe... kwa gari nyeupe chukua cheusi, sugua kwa kompaundi. Kikitoka na rangi, gari haina klia juu, lile tabaka angavu la mng'aro. Hii Vitz ilikuwa hivyo, boneti ukipitisha kidole kinatoka na chaki. Kibati cha gari, pale penye C/TR, kimeandika 040, ile nyeupe ya Toyota isiyo na lulu. Bahati nzuri kwa mtu wa nyumbani, maana unapiga 2K, yaani rangi inayochanganywa na hadina, ya mng'aro moja kwa moja na imekwisha. Silva ya metaliki ni kesi nyingine, usianzie hapo. Na usibadilishe rangi kwa mbwembwe, rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi.

La pili, praima ikishakauka, puliza vumbi jepesi la rangi nyeusi ya kopo juu yake. Jepesi, kivuli tu. Halafu msasa 400 kavu, au 800 wa maji, ukiwa umeufunga kwenye kibao, siyo vidoleni. Mdogo wangu, sogea hapa kwenye boneti. Huu weusi uliobaki hapa, ukubwa wa sarafu, ni bonde. Kwa jicho hulioni, kwa kiganja hulisikii, lakini mng'aro ukishakaa litaonekana toka barabarani. Usilifukuze kwa kusugua hapo hapo tu kwa kidole, utachimba zaidi. Rudisha praima kidogo, sugua eneo zima. Kazi hii ni ya mikono na hakuna bunduki itakayokusaidia. Na kabla ya yote osha kwa sabuni, kisha dawa ya kutoa mafuta, kitambaa kimoja cha kupaka na kingine cha kufutia. Kile kipolishi cha matairi mnachopigiwa kwenye kuoshea magari kina silikoni, na rangi ikikutana na silikoni inakimbia, inaacha vishimo vya duara.

Barakoa. Nisikilizeni hapa, sitanii. Hadina ya 2K ina isosayanati. Haikupi harufu ya kukuonya, na mapafu yakishaizoea vibaya unapata pumu ambayo haikuachi. Ile barakoa ya kitambaa ya kipindi cha korona haizuii kitu. Karakana za wenzetu wanavaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Kama huna hiyo, angalau yenye vichujio vya mkaa kwa mvuke wa kemikali, vipya, na upige mahali pa wazi, miwani na glavu, watoto wasiwepo. Kama bajeti haifiki kwenye barakoa, usichanganye hadina. Subiri.

Twende kwenye boneti. Lile bonde nimeshalimaliza na mkono wa kwanza mwepesi nimepiga kamera ikiwa imezimwa, umeshashika. Sasa mkono wa pili. Naanza nje ya ukingo, triga inafunguka kabla ya kufika, inafungwa baada ya kupita, kila mstari unafunika nusu ya uliotangulia. Mkono haupindi, bega ndilo linalokwenda. Sikilizeni kompresa... haijalala. Sogeza taa, mdogo wangu. Hapo kwenye mwanga, mnaona ulivyolala? Pale kona ya kushoto kuna vinundu kidogo kama ganda la chungwa, nilikuwa mbali. Itaondoka kwa msasa wa 1500 na 2000 kisha kompaundi, ndiyo video ya wiki ijayo, washeni kengele.

Hela sasa, maana najua mmekuja kwa hili. Kwa Vitz ya nje tu, lita mbili za rangi kabla ya kuchanganya zinatosha mikono miwili mpaka mitatu. Ongeza hadina yake, kwangu ilikuwa mbili kwa moja, lakini soma kopo lako. Bunduki ilikuwa kitu cha bei ndogo kuliko vyote mezani. Msasa, tepu, praima na thina ndivyo vilivyokula mfuko. Kwa hiyo nilipoanza nilitaka kuwaambia kimbilieni mkanunue, sasa nasema nunueni msasa kwanza, bunduki baadaye. Na kama una fundi anayeazimisha, azima. Ila kwa praima tafuta nyingine ya pua 1.7 au 1.8, hii itakoroma tu.

Nakwenda kuiosha sasa hivi, thina mpaka itoke safi, maana hadina ikigandia ndani ndiyo basi tena. Na wale mliokwishaandika kwenye maoni kama naigawa: siigawi. Bampa la nyuma bado.