Tulifungia ndoa katika kapela ya chuo, hapa Lubumbashi

Jina la chuo sitalitaja. Padri mlezi wa wanafunzi, ambaye wote tunamwita omonye, ni mtu mwema, na humu nitasema pia yaliyonikasirisha.

Mimi si mgeni pale. Nilisali katika kapela ile miaka minne nikiwa mwanafunzi, nikaimba sauti ya pili katika korali ya misa ya asubuhi. Mdogo wangu aliposema anataka kufunga ndoa pale badala ya parokia yetu, mimi nilikuwa wa kwanza kumuunga mkono. Mama alinung'unika tu: "Kanisa ya wanafunzi! Ile haina benyewe," yaani haina wenyewe. Nilimcheka. Leo nikiombwa maoni kuhusu kapela ile ningerudia maneno yake, mazuri na mabaya yote yamo humo.

Nianze na karatasi, maana hapo ndipo tulipopoteza wiki mbili bure. Kapela si parokia. Sheria ya Kanisa inataka Wakatoliki wafungie ndoa katika kanisa la parokia. Mahali pengine ni mpaka askofu au paroko atoe ruhusa (kanuni ya 1118). Sisi tulikwenda moja kwa moja kwa omonye, akatupokea vizuri, akatupa chai, halafu akatuambia turudi kwa paroko wetu kuchukua barua. Paroko naye akataka kwanza vyeti vya ubatizo visivyozidi miezi 6. Nilidhani ni usumbufu tu, kumbe kuna sababu: ukifunga ndoa, parokia iliyokubatiza inaandikiwa, na ndoa inaongezwa kwenye daftari pembeni ya jina lako. Cheti cha zamani hakiwezi kuonyesha kama ulishaoa kwingine. Mke wa mdogo wangu alibatizwa Kolwezi, kilomita 300 hivi kutoka hapa, kwa hiyo kaka yake alipanda basi kwa ajili ya karatasi moja. Hapo bado matangazo ya ndoa ya Jumapili tatu, na bado komini, ofisi ya serikali inayoandikisha ndoa. Ndoa ya kanisa peke yake serikali haiitambui, na omonye hakukubali kutupa tarehe mpaka aone karatasi ya komini mkononi. Mahari ilikuwa imeshatolewa tangu Pasaka, kwa hiyo upande huo tulikuwa salama.

Jengo lenyewe sasa. Ni la matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji nyekundu inayopigwa nta, paa la manjanja, yaani mabati. Si kubwa. Mabenchi ni yale yale ya wakati wangu, na migongo yake imejaa maandishi ya kalamu na ya ncha ya kompasi: fomula za kemia, majina ya watu waliopendana mwaka fulani, na sala. Ile niliyoipenda zamani bado ipo, benchi la tano upande wa Bikira Maria: "Bwana, 10 juu ya 20 inatosha." Shangazi yetu aliketi hapo siku ya ndoa, akaisoma katikati ya mahubiri, na mabega yake yakatikisika mpaka nikamfinya.

Sauti mle ndani inatembea vizuri mno. Rafiki wa bwana arusi alikodi sono yenye spika za urefu wa mtu, ikapiga filimbi masomo yote mawili mpaka omonye akamwomba aizime. Usikodi. Korali ya watu kumi na wawili inatosha kulijaza kanisa lile. Ila mvua ikinyesha juu ya manjanja yale, hata spika hazitakusaidia. Nilishaona ndoa ya Januari pale ambapo padri aliketi akangoja dakika ishirini kabla ya kuwauliza maharusi kama wanakubali, kwa kuwa mashahidi wasingesikia jibu. Sisi tulichagua Julai. Asubuhi baridi, mchana vumbi, lakini hakuna tone.

Tatizo la Julai likawa mitihani. Auditoriumu kubwa, ukumbi wa mitihani, iko hatua arobaini kutoka mlango wa kapela. Mwaka ule walimu waligoma, kalenda ikasogea, na wiki moja kabla ya harusi nikakuta tangazo mlangoni: sesheni imeongezwa, hakuna ngoma wala vigelegele kabla ya saa tisa alasiri. Misa yetu ilikuwa saa nne asubuhi, tena kwa riti ya Kizaire, utaratibu wa misa wa hapa Kongo, ile iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, ambamo watu huingia wakicheza na kuizunguka altare. Utaiingiaje bila ngoma? Wakinamama wa upande wetu walisema heri ndoa iahirishwe kuliko kuingia kama watu wa mazikoni. Tukaisogeza hadi saa tisa na nusu, tukawapigia watu simu mmoja mmoja, na wengine walikuja saa nne hivyo hivyo wakaketi chini ya miembe wakila karanga hadi alasiri.

Halafu ufunguo. Siku yenyewe, saa mbili asubuhi, wapambaji wamefika na maua na vitambaa, mlango umefungwa. Zamu, yaani mlinzi, alikuwa amekaa kwenye ngazi na redio yake.

"Papa, tunaomba ufungue."

"Mama, ufunguo haiko hapa. Papa sakristani alienda nayo ku Kipushi. Ku kilio."

Kipushi ni kilomita 30. Simu ya sakristani, mtunza kapela, ilikuwa imezimwa. Asubuhi ile omonye alikuwa kwenye semina nje ya mji na aliyemshika nafasi hakuwa na ufunguo wa pili. Hakuna wa pili, nilikuja kuambiwa, tangu ule mwingine upotee. Maua yakaanza kulegea ndani ya ndoo. Nilisema maneno ambayo sitayaandika, na zamu wa watu akawa anayapokea yeye, ambaye hana kosa. Saa sita kasoro dakika ishirini ikaingia pikipiki ya manseba, yaani ya kubeba abiria, na nyuma yake kijana mwekundu kwa vumbi kuanzia kope hadi viatu. Ufunguo aliuvaa shingoni, umefungwa kwa kipande cha waya wa shaba. "Aksanti kwa kungojea, yaya," akaniambia, yaani dada, "baba mdogo tunamuzika saa nane." Akafungua, akatuonyesha ndoo na mafagio, akapanda pikipiki ile ile akarudi kumzika mtu wake.

Sakristani huyo alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, anajitolea, halipwi hata franka. Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Parokiani kwetu jambo hili lisingetokea: kuna wakinamama wa shirika wanaofagia Jumamosi, kuna papa wa kamati, kuna mtu anayenuna ukigusa chombo cha maua bila kumwambia. Pale chuoni kila mtu anapita. Anayejua taa inawashwa wapi mwaka huu, mwakani ameshahitimu.

Lakini kwa sababu hiyo hiyo hakuna anayekuuliza umetoka shirika gani. Wakinamama wa likelemba, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, wa mtaa wa jirani hukutana pale kila Alhamisi ya pili, na nusu yao si Wakatoliki. Kabini ya umeme, yaani transfoma, ya avenyu yetu ilipoungua, wakaaji tulikutania mle kuchanga pesa, na tuligombana mbele ya msalaba bila mtu kutufukuza. Siku ya harusi, mabenchi ya nyuma yalijazwa na wanafunzi tusiowaalika, wametoka mtihanini na kalamu mfukoni. Ngoma ilipolia waliinuka wakaimba sauti zote nne vizuri kuliko korali yetu tuliyoilipia sare.

Kwa atakayetaka: mchango wetu ulikuwa dola 80, pamoja na franka kidogo za zamu, na baada ya siku ile mimi nilimwongezea. Ukumbi hawana, na bia hairuhusiwi uani, picha tu. Wapambaji waende na ndoo yao wenyewe. Muulize omonye kalenda ya mitihani kabla hujachapisha kadi, na jioni ya kuamkia harusi nenda ukauone ufunguo kwa macho yako. Na ukihitaji cheti cha ndoa baadaye, usiende kapelani. Daftari liko kwenye parokia ambayo kapela imo ndani ya mipaka yake, ofisi ya mlango wa kijani, na katibu hutoka mapema siku za Ijumaa.