Duka la pembejeo Kasulu: huduma ya kupaka mbegu dawa

Februari nilipeleka kilo 20 za mbegu ya ngano, nilizobakiza kutoka shambani kwangu Buhigwe, kwenye duka dogo la pembejeo mjini Kasulu ili zipakwe dawa ya ukungu. Msimu uliotangulia masuke mengi yalitoka meusi kama masizi, na baada ya siku chache upepo ukaacha vijiti vitupu visivyo na punje hata moja.

Mama mwenye duka hakupokea fedha kwanza. Aliniuliza: "Baba, suke lilichomoza likiwa jeusi, au lilikuwa zima ila punje zina unga mweusi ndani unaonuka samaki aliyeoza?" Swali hilo ndilo lililonisukuma kuandika haya. Vumbi la ugonjwa huo unaonuka hushika juu ya ganda la punje wakati wa kupura, kwa hiyo dawa ya kupaka nje, kama thiramu, hulidhibiti. Fugwe, yaani ugonjwa wa ukungu unaogeuza suke kuwa vumbi jeusi, iliyoniharibia mimi ni nyingine: vimelea vyake hupeperushwa kutoka suke lenye ugonjwa hadi kwenye maua ya mimea mizima, vikaingia katika punje changa na kulala ndani ya kiini chake, na punje hiyo huonekana safi kabisa mpaka ipandwe. Huko hufika dawa inayopenya tu, kama kaboksini. Siku hiyo dukani palikuwa na thiramu peke yake, naye akakataa kuniuzia, akanishauri nafaka ile niile nyumbani na niagize mbegu iliyothibitishwa yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Uaminifu wa namna hiyo ni nadra katika maduka yetu.

Mbegu ilichukua siku tisa kufika, jambo lililonichelewesha.

Lililonisikitisha zaidi ni kwamba kijana anayechanganya dawa hana glavu wala barakoa, na mbegu za wateja wengine, zilizokwisha kupakwa rangi nyekundu ya dawa, hutoka katika mifuko isiyo na onyo lolote. Nyumbani kwetu mtoto anaweza kuzikaanga akidhani ni chakula. Nilimweleza mama huyo, akaahidi kuandika onyo kwa kalamu nene.

Ngano mpya imechanua vizuri. Niliona masuke mawili tu meusi. Niliyafunika kwa mfuko kabla ya kuyang'oa, nikayachoma nje ya shamba.