Jeep Wrangler na salamu zake za barabarani

Anayenunua Jeep Wrangler hununua pamoja nayo wajibu mdogo ambao haumo kwenye mkataba wa mauzo: kila anapokutana na Wrangler nyingine ikija upande wa pili, anatarajiwa kumpungia mkono dereva wake, amjue au asimjue. Nimeona heri kulitathmini gari pamoja na desturi hiyo, kwa sababu umbo la gari ndilo lililoilea desturi, na asiyependa kusalimiwa na watu asiowajua huenda asilipende gari lenyewe.

Ukoo wake ni wa kijeshi. Willys MB ilianza kutengenezwa mwaka 1941 kwa ajili ya Vita Kuu ya Pili, na toleo la raia, CJ-2A, likafuata mwaka 1945. Mengi ya wakati ule bado yamo katika Wrangler ya leo: milango huondolewa, paa hutoka, kioo cha mbele hulazwa juu ya boneti, na ekseli za mbele na nyuma ni za kipande kimoja. Ekseli ya namna hiyo ina faida kubwa penye mawe, kwa kuwa gurudumu moja linapopanda jiwe, ekseli hulikandamiza lile la upande wa pili chini, likaendelea kushika ardhi. Katika toleo la Rubicon, dereva hubonyeza swichi difu (gia zinazogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia) zikafungwa ili yote mawili yazunguke pamoja, akaachanisha stabilaiza ya mbele, yaani fito inayozuia gari kulala upande, ili magurudumu yapate nafasi ya kupanda na kushuka, na akatumia gea nzito yenye uwiano wa 4 kwa 1, ilhali toleo la Sport lina 2.72 kwa 1. Tofauti hiyo huonekana mteremkoni, ambapo Rubicon hutambaa polepole bila dereva kukanyaga breki mara kwa mara.

Kwenye lami mambo hubadilika. Mwili wenye kona kama sanduku hupigana na upepo, paa la turubai hupitisha kelele, na usukani unahitaji kurekebishwa kidogo kidogo kila wakati ili gari lishike mstari. Haya ni malipo ya muundo wenyewe, na anayetaka utulivu wa safari ndefu asijidanganye kwamba atayazoea.

Lakini hapo ndipo salamu ilipopata mlango. Wapo wanaosimulia kwamba ilianza kwa askari waliotambuana vitani. Mimi naona sababu iliyo karibu zaidi inatosha. Gari lisilo na milango wala paa humweka dereva wazi, uso wake ukaonekana, na watu wawili wanaoonana uso kwa uso kwa mwendo mdogo ni vigumu kupitana kimya. Zaidi ya hapo, mwenye gari la porini anajua kwamba siku moja atakwama, na atakayemvuta ni mwingine kama yeye.

Adabu yake ina ngazi. Kwa kawaida mwenye gari jipya humwanzia mwenye gari la zamani, na aliyeliacha gari lake kama lilivyotoka kiwandani humwanzia yule mwenye winchi, bampa za chuma na matope ya kweli. Kutojibu ni utovu wa adabu, isipokuwa dereva yumo katika kona, anabadilisha gea au yuko penye msongamano. Vidole viwili vilivyoinuliwa bila kiganja kuachia usukani vinatosha kabisa. Ubishi huzuka juu ya nani anastahili. Wenye CJ, yaani Jeep za raia zilizoitangulia Wrangler, na wenye Wrangler hupungiana bila swali, ila Compass na Renegade, Jeep nyingine za kisasa, ingawa zina nembo ileile, wengi huzipita bila kuinua kidole. Ubaguzi huu una historia: Wrangler ya kwanza, modeli ya 1987, ilikuja na taa za mraba na wapenzi wa CJ wakainunia, hata taa za duara ziliporudi katika modeli ya 1997 wapo waliopumua. Binafsi naona mizani hii ya ukoo haina tija, kwani aliyekwama haulizi umbo la taa za anayemvuta.

Porini, mkono huacha kuwa salamu tupu ukawa taarifa. Dereva anayeongoza msafara huwaonyesha wanaokuja vidole kwa idadi ya magari yaliyo nyuma yake, na wa mwisho huonyesha ngumi, yaani hakuna mwingine. Penye njia nyembamba, anayeshuka humpisha anayepanda, kwa kuwa anayepanda akisimama huenda asiweze kuondoka tena bila tairi kuteleza. Mambo haya hufundishwa kwa vitendo katika misafara ya pamoja, kama ile ya Rubicon Trail huko California iliyoanza mwaka 1953, au ile ya Pasaka mjini Moab, Utah, iliyoanza mwaka 1967. Huko ndiko mgeni huonyeshwa kupunguza upepo wa tairi hadi karibu psi (kipimo cha mgandamizo wa upepo) 15 au 20 ili sehemu ya tairi inayogusa ardhi itanuke, na huonywa asifunge kamba ya kuvutia kwenye tufe la chuma la kuvutia trela, kwani chuma hicho kikikatika huruka kama risasi.

Tangu mwaka 2020 imeongezeka desturi nyingine, iliyoanzia Ontario, Kanada: kumwekea mwenye Jeep bata mdogo wa mpira juu ya gari lake lililoegeshwa. Nia ni njema, ila safu ya bata kwenye dashibodi hutupa mwako juu ya kioo cha mbele jua linapokuwa kali, nami ningewahamishia kiti cha nyuma.

Kwa anayeamua kununua, Rubicon inafaa ikiwa njia zake zina mawe makubwa. Kwa vumbi, mchanga na matope ya kawaida, Sport yenye tairi nzuri inatosha, na tofauti ya bei inunue kamba ya kuvutia, shakoli mbili imara (pingu za chuma za kuunganishia kamba na gari) na pampu ya upepo ambayo jirani wa msafara ataiazima kabla ya mchana kwisha.